Popo Asiye Popo na Mifupa ya Litumbandyosi

Limekuwa jambo la kawaida katika mijadala ya vyuo vyetu kwamba kila inapotajwa mifupa ya kale iliyochimbwa katika nchi hii, msemaji wa kwanza husimama akadai irudishwe. Hudai kwa sauti kubwa, hupigiwa makofi, kisha huketi. Msemaji wa pili husimama akauliza mifupa hiyo itatufaa nini ikirudi, naye hupigiwa makofi na upande wa pili wa ukumbi. Baada ya hapo mjadala hufungwa na watu huenda kula. Mimi nina ugomvi na wasemaji wote wawili. Wa kwanza ana haki, lakini amesimama nusu ya njia; wa pili hana haki, ila humshinda mwenzake mara nyingi kwa sababu ya ile nusu iliyobaki. Nakusudia kuonyesha upungufu wao kwa mfano wa mnyama mmoja mdogo ambaye kwa muda wa karibu miaka 50 vitabu vya elimu ya viumbe vilimwita popo mla matunda, kumbe hakuwa popo.

Mnyama huyo aliishi magharibi mwa Kenya yapata miaka milioni 20 iliyopita, zama za yule Proconsul ambaye Mary Leakey alilipata fuvu lake katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948. Vilivyosalia kwake ni vipande vichache vya taya la chini pamoja na meno. Hakuna bawa, hakuna mguu, hakuna fuvu. Mwaka 1967 George Gaylord Simpson, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa elimu ya wanyama wa kale duniani, alivitazama vipande hivyo akahukumu kuwa ni vya mnyama wa jamaa ya komba na poto, wale wanyama wa usiku wenye macho makubwa. Akampa jina Propotto leakeyi. Neno la kwanza likimaanisha aliyemtangulia poto, na la pili likiwa heshima kwa Louis Leakey. Haukupita muda. Mwaka 1969 Alan Walker alitoa makala katika gazeti la Nature akisema kwamba Simpson amekosea ukoo, na kwamba meno haya si ya komba wala poto bali ni ya popo mla matunda. Hukumu ya Walker ikashika. Propotto akahamishwa kutoka kabati la komba akatiwa katika kabati la popo, na huko akakaa mpaka mwaka 2018.

Naomba msomaji asipite upesi mahali hapa, kwa maana Walker hakuiandika makala hiyo akiwa mgeni wa mbali. Katika miaka hiyo alikuwa mwalimu wa vyuo vya Afrika Mashariki, kwanza Makerere, kisha Nairobi. Ubishi juu ya jino la Propotto ulikuwa umeketi barazani petu, katika zama ambazo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa viungo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kama palikuwa na wakati wa mwanafunzi wa kwetu kuinua mkono na kusema, Mwalimu, hebu nami nilitazame jino hilo, basi wakati huo ulikuwapo.

Tuyatazame meno hayo sisi wenyewe, maana ubishi wote umo ndani yake. Popo mla matunda hatafuni kama mbuzi wala hakati nyama kama paka. Hulibana tunda baina ya ulimi na kaakaa, hulikamua, humeza maji yake, kisha hutema makapi. Aliyelala chini ya paa la bati karibu na mwembe katika msimu wa maembe ameyasikia makapi hayo yakidondoka usiku kucha. Kwa kazi kama hiyo gego halihitaji ncha kali. Gego la popo huyu ni sahili, refu kuliko upana wake, lenye kingo mbili fupi na mfereji katikati. Gego la Propotto nalo ni la chini, na vinundu vyake vimelala. Aliyeutazama uso wa gego peke yake aliweza kumwona popo humo, na hakuwa mjinga.

Lakini yuko mnyama mwingine ambaye magego yake yamelala vivyo hivyo. Huyo ni ayeaye wa Bukini, kisiwa ambacho siku hizi twakiita Madagaska. Ni mnyama wa usiku, ndugu wa mbali wa komba, mwenye meno ya mbele yasiyokoma kuota kama ya panya, ambayo hutobolea magogo, na kidole kimoja chembamba kama unyasi ambacho huchokolea funza. Kazi nzito huifanya kwa meno ya mbele. Magego yake hayana shughuli kubwa. Basi mwenye kuijua habari ya ayeaye hauulizi uso wa gego peke yake; huuliza pia, je, taya hili lilibeba nini upande wa mbele? Na upande wa mbele wa taya la Propotto kuna dalili ya jino kubwa lililolala kuelekea mbele. Popo mla matunda hana jino la namna hiyo katika taya lake la chini.

Aliyeliuliza swali hili kwa uzito unaostahili alikuwa Gregg Gunnell, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, na ajabu ni kwamba yeye alikuwa bingwa wa popo wa kale. Ndiye hasa aliyekuwa na sababu ya kumng'ang'ania Propotto, na ndiye aliyemtazama akaona kuwa huyu si wake. Wakakutana wataalamu kumi. Magego ya wanyama wengi, walio hai na waliotoweka, yalipigwa picha kwa eksirei zinazoonyesha jino ndani na nje. Zikapimwa sifa 395 za maumbile na jeni 79 katika wanyama 125. Makala yao ilipotoka mwaka 2018 ilisema kwamba Propotto ni jamaa wa kale wa ayeaye, yeye pamoja na Plesiopithecus wa Fayum katika Misri, aliyeishi miaka milioni 34 iliyopita. Maana yake ni kubwa kuliko jino lenyewe. Ikiwa ukoo wa ayeaye ulikuwapo Misri na Kenya, basi ayeaye hakuzaliwa Bukini kutokana na lemuri wengine wa huko, bali mababu zake walivuka bahari kutoka bara letu safari yao peke yao, na mababu wa lemuri wengine wakavuka safari yao. Kisiwa kilichodhaniwa kupata wanyama hawa kwa mvuko mmoja kimepewa mivuko miwili, na ushahidi ni vipande vya taya ambavyo mtu aweza kuvifumbata katika kiganja.

Gunnell hakuiona makala hiyo ikichapwa. Alifariki Septemba 2017. Walker naye alifariki mwaka huo huo. Aliyempinga Walker na Walker mwenyewe wote wawili walikuwa wamekwisha ondoka ulimwenguni hukumu ilipotolewa.

Sasa nauliza swali ambalo ndilo shina la ugomvi wangu. Katika miaka yote hiyo ya kuitwa popo, Propotto alikuwa wapi? Hakuwa Berlin. Hakuwa nyara za vita wala mzigo ulioibwa usiku. Alikuwa mali ya makumbusho ya taifa ya Kenya, mjini Nairobi, safari ya usiku mmoja kwa basi kutoka Dar es Salaam, karibu zaidi kutoka Arusha, na hatua chache tu kutoka chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa nyumbani. Walakini kuwa nyumbani hakukumsaidia chochote, kwa sababu nyumba yenyewe haikumsoma. Hapa ndipo msemaji wetu wa kwanza anaponyamaza. Hudhani kwamba mfupa ukivuka bandari ya Dar es Salaam ukaingizwa katika kabati letu, haki imetimia. Kabati la Nairobi linatuambia vingine.

Asinielewe vibaya mtu akadhani ninawatetea wenye makabati ya Ulaya. Nina ushahidi mwingine, nao watoka Ruvuma. Msomaji anayeijua Mbinga anajua kwamba nchi ile inashuka kutoka vilima vya Umatengo, penye ngolo na kahawa, ikielekea magharibi mpaka ukingo wa Ziwa Nyasa, kwenye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambako sasa ni wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga ile ya zamani. Kaskazini yake unapita mto Ruhuhu ukilifuata ziwa. (Liuli Wajerumani waliipa jina la Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake uliofanana na sanamu ya Misri, jina hilo limekwenda na wenyewe, Liuli imebaki.) Katika bonde la Ruhuhu kuna miamba ya zama za kale mno, na ndani yake mifupa iliyogeuka mawe. Katika miaka ya 1930 Francis Rex Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa huko, na mmoja aliupata Litumbandyosi, katika Mbinga: mfupa wa mkono wa juu pamoja na pingili za uti wa mgongo. Ukapelekwa London.

Alan Charig aliuchunguza kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1956, akaupa na jina, lakini jina hilo halikupata kuchapishwa rasmi pamoja na maelezo yake. Charig akafa mwaka 1997. Makala iliyomtambulisha rasmi mnyama wa Litumbandyosi ilitoka mwishoni mwa mwaka 2012, yapata miaka 80 baada ya mfupa kuokotwa. Humo aliitwa Nyasasaurus parringtoni, na ikasemwa kwamba ama ni dinosauri wa kale kuliko wote waliokwisha kujulikana, ama ni ndugu wa karibu sana wa dinosauri, wa miaka kama milioni 243 kwa hesabu ya waandishi hao. Jina la Charig liliwekwa miongoni mwa majina ya waandishi, miaka 15 baada ya kifo chake. Mwenzake kutoka bonde lile lile, Teleocrater, aliyeokotwa mwaka 1933, alingoja mpaka mwaka 2017.

Weka visa hivi viwili bega kwa bega. Mfupa wa Mbinga ulikaa London miaka 80 bila ya kusemwa sawasawa. Taya la magharibi mwa Kenya lilikaa Nairobi karibu miaka 50 likisemwa visivyo. Kabati moja la ugenini, jingine la nyumbani, na usingizi ulikuwa mmoja. Ipo tofauti, nayo ni nzito: mwanafunzi wa Nairobi aliweza kwenda kuliomba taya alitazame, ilhali mwanafunzi wa Mbinga hakuweza, wala hawezi leo, kwenda kuutazama mfupa wa Litumbandyosi bila ya nauli ya London na ruhusa ya ubalozi. Kwa sababu hiyo nasema msemaji wa kwanza ana haki. Dinosauri wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi baina ya 1909 na 1913 akabebwa na wapagazi mpaka pwani, na leo amesimama Berlin akiwa mrefu kwa mita 13 na zaidi, habari yake imewahi kuulizwa hata bungeni, na ni vema iulizwe tena. Ninachokataa ni kuufanya urejeshaji kuwa mwisho wa safari. Haki ya kuutazama mfupa haina thamani kwa mtu asiyekusudia kuutazama.

Nageukia msemaji wa pili, mtu wa faida. Yeye husema: mkulima wa Mbinga ana kahawa isiyo bei ya uhakika na barabara zenye utelezi, umletee habari ya popo aliyekufa miaka milioni kadhaa, tena popo ambaye hata si popo? Na mwenye ujuzi kidogo huongeza kwamba katika miamba ya Litumbandyosi hapatapatikana popo daima, kwa kuwa miamba hiyo ni ya kale mno. Hilo la pili ni kweli tupu. Popo wa kale zaidi ambao mifupa yao mizima imeonekana ni wa miaka kama milioni 52, kutoka Wyoming katika Marekani. Mmoja wao alipewa mwaka 2023 jina la Icaronycteris gunnelli, kwa heshima ya Gunnell yule yule. Na huku kwetu, katika bonde la Rukwa, kuna nyani wa kale wa miaka milioni 25 aliyeitwa Nsungwepithecus gunnelli mwaka 2013. Mtu aliyemwondoa Propotto kwa popo akamtia kwa jamaa za komba, jina lake limewekwa kwa popo mmoja na nyani mmoja. Nimelitaja kwa sababu linanichekesha. Halina uzito katika hoja.

Hoja yenyewe ni hii. Mtu wa faida hukubali bila kuulizwa kwamba miamba ile ile ya bonde la Ruhuhu ina faida, maana makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa Mbinga, na malori yanayoyabeba anayaona kila siku. Makaa hayo na mifupa hiyo ni vya kitabu kimoja, ingawa ni vya kurasa mbalimbali. Palipo na makaa palikuwa na misitu na mabwawa ya zama zilizotangulia kidogo zile za wanyama wetu. Makaa tumeyajua kwa kuwa yana mnunuzi. Siku tingatinga au jembe litakapofukua mfupa katika nchi hiyo, nani atakayejua kuwa si jiwe? Mchimbaji? Dereva? Mwalimu wa elimu ya viumbe wa sekondari iliyo karibu, ambaye tumemsomesha chuo kikuu bila ya kumwonyesha hata siku moja gego la mnyama wa kale? Mfupa usiotambuliwa huvunjwa ukawa kokoto, na kokoto haidaiwi Berlin wala London.

Na juu ya popo, mtu wa faida angekuwa na adabu zaidi kama angejua anadaiwa na nani. Popo wala matunda ndio wanaochavusha maua ya mbuyu, yanayofunguka usiku. Ndio wanaobeba mbegu za mvule mbali na mti mzazi. Kila mwaka, yapata Oktoba mpaka Desemba, mamilioni yao hukusanyika katika msitu mdogo wa Kasanka huko Zambia, nchi jirani yetu, wakala matunda ya msimu, kisha wakatawanyika wakiwa na mbegu tumboni. Na wapo ambao nusura wawe mifupa tu: popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alihesabiwa kwa vidole, maana misitu ilikuwa imekatwa naye alikuwa akiwindwa kwa kitoweo. Wapemba wenyewe walipounda vikundi vya vijiji vya kumlinda, aliongezeka akapita 20,000. Mtu aliyekwisha kuona jinsi ukoo mzima unavyoweza kubaki taya tatu nne katika kijisanduku hahitaji kuhubiriwa sana juu ya popo wa Pemba.

Tena popo wa kweli aliyetoweka yupo, na wala si hadithi. Huko Kanapoi, upande wa Ziwa Turkana, katika udongo wa miaka milioni 4 na kitu kidogo, walionekana popo wala matunda wa namna nne, mmoja wao wa jinsi mpya kabisa aliyepewa jina Turkanycteris harrisi. Waliomwandika ni Gunnell na Fredrick Kyalo Manthi wa makumbusho ya Nairobi. Mifupa ya popo hawa ni adimu mno, kwa sababu ni myembamba, na kwa sababu wengi wao hulala mitini; popo wa pangoni akifa huanguka mahali pakavu, lakini wa mtini huanguka msituni akaliwa au akaoza. Kwa hiyo kila jino lina thamani, na kila jino lililotiwa jina la uongo linaharibu hesabu ya mengi mengine. Muda wote Propotto alipokuwa popo, mtu aliyetaka kujua popo wala matunda walikuwako lini Afrika Mashariki alijibiwa: miaka milioni 20. Propotto alipoondoka, jibu hilo liliondoka naye.

Nimemtaja Manthi, na kwa makusudi. Miongoni mwa wale kumi walioandika juu ya Propotto mwaka 2018 yumo yeye, na yumo Hesham Sallam wa Misri. Wawili katika kumi. Mwaka 1967 na mwaka 1969 hapakuwa na hata mmoja. Sidharau hatua hiyo. Kinyume chake, naitumia dhidi ya wale wanaotuambia kwamba kazi hii haituwezi. Jicho la kuona mfupa halijapata kutupungukia. Kule Tendaguru msimamizi mkuu wa machimbo alikuwa Boheti bin Amrani, na dinosauri mmoja wa huko ameitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Yule kijana wa Nariokotome, mifupa yake iliyo maarufu duniani kote, aliyeuona mfupa wake wa kwanza mwaka 1984 ni Kamoya Kimeu, aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1950 kama kibarua. Aliyeona alikuwa wa kwetu. Aliyeandika, mara nyingi, alikuwa mwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akabaki ameshika sururu.

Kiswahili nacho kilitendwa hivyo hivyo. Katika kambi za wachimbaji, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi: chimba hapa, fagia pole pole, funika kwa plasta. Mfupa ulipokwisha kutoka ardhini, Kiswahili kilibaki shimoni. Siku hizi kimepandishwa cheo kidogo, kimepewa majina. Mnyama wa bonde la Ruhuhu aliitwa Asilisaurus kongwe mwaka 2010. Wa Songwe akaitwa Shingopana songwensis mwaka 2017, na mwingine Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, jina ambalo mtoto wa darasa la tatu aweza kulifasiri. Wenzetu huyasoma majina haya wakaona fahari, na mimi siwanyimi. Lakini hebu ufungue makala yenyewe chini ya jina hilo. Jina ni la Kiswahili, na hoja yote, tangu neno la kwanza hata la mwisho, ni ya Kiingereza. Tumepewa kofia tukaambiwa tumevikwa.

Najua jibu litakalotolewa: Kiswahili hakina maneno ya jino la mnyama wa kale. Nimeyaeleza meno ya Propotto katika kurasa hizi kwa gego, kinundu, mfereji, ukingo na taya, na sikuazima neno hata moja. Mchinjaji wa Mbinga anayo maneno ya mifupa kuliko sisi wa chuo kikuu, na mvuvi wa Liuli vivyo hivyo. Kinachopungua ni mazoea ya kubishana kwa lugha hii juu ya kitu kilichopo mezani. Tumezoea kubishana kwayo juu ya vina na mizani, jambo jema, na juu ya siasa, jambo lisiloepukika. Jino la mnyama wa kale tumelihesabu kuwa mambo ya wenyewe.

Kwa hiyo nataka vitu vitatu, na mtu anayenipinga anipinge katika hivyo. Nataka kila anayedai mfupa wa Litumbandyosi urudi, awe pia tayari kutaja mwanafunzi atakayeusoma siku ya kwanza baada ya kufika, na fungu la fedha litakalomlipa. Nataka walimu wa elimu ya viumbe wanaopelekwa Mbinga na Nyasa wapitishwe kwanza katika bonde la Ruhuhu kwa miguu, angalau kwa juma moja, pamoja na watu wa huko wanaojua mahali panapookotwa mawe yenye umbo. Na nataka idara zetu za Kiswahili na za elimu ya viumbe, ambazo aghalabu hukutana katika mahafali tu, zikubali kwa pamoja tasnifu moja iliyoandikwa kwa Kiswahili juu ya taya moja. Moja tu. Tutaona kama nyumba itaanguka.

Taya lenyewe naweza kulipendekeza. Hukumu ya 2018 juu ya Propotto ni nzuri kuliko zile mbili zilizotangulia, kwa kuwa imetazama mengi zaidi. Lakini imesimama juu ya vipande vichache, na mtu ambaye hajaridhika bado ana mahali pa kuanzia. Je, jino lile la mbele lilikoma kuota au halikukoma? Mnyama huyu alitoboa magogo kama ayeaye, au alikula matunda kama popo na meno yake makubwa yalikuwa na kazi nyingine? Vipande viko Nairobi. Mwanafunzi akitaka kuvitazama ataandika barua ya maombi, atangoje jibu, apande basi.